Kahawia Mwisho

Dukani Kanyenye waya upo tayari,
mita tano, umejikunja kama nyoka aliyeshiba.
Elfu nane. Nikapunguziwa, elfu saba.
Baba akauchuna ubavuni kwa kisu cha jikoni:
chini ya wekundu wa shaba, weupe.
"Alumini imevaa kanzu," akasema,
akanitupia mapajani.

Na hata ungekuwa shaba tupu,
sebuleni hadi chumba cha uani ni mita kumi na moja na shibiri,
na tundu alilotoboa ukutani kwa nondo
linapitisha waya, halipitishi kichwa.

Basi tumekaa barazani, Isevya,
boksi la waya katikati yetu,
koleo la kuazima, lirudi kabla ya magharibi.
Baba alipanda nguzo za simu za reli
toka Tabora hadi Kaliua, miaka ishirini na sita.
Waya ule ulikuwa na rangi moja, ya mvua na kutu.
Hakuwahi kutuambia, wala kazini hawakujua,
kwamba kijani na kahawia kwake ni mapacha.
Leo ndiyo nimejua.
Amezitawanya nyaya nane kiganjani, akanyamaza,
kisha, bila kuniangalia:
"Nyamizi, nisomee."

Nyeupe ya chungwa, chungwa.
Nyeupe ya kijani, buluu.
Nyeupe ya buluu, kijani.
Nyeupe ya kahawia.
Kahawia mwisho.

Vidole vyake vinene vikazinyoosha
kama nywele za mtoto kabla ya kusukwa.
Koleo likalia, ko!
Kichwa cha kwanza tukakiharibu. Cha pili pia.
Mia tano, mia tano, na muuza duka anacheka huko aliko.
Cha tatu tukakipima: taa zikakimbia,
moja, mbili, tatu, nne, tano,
ya sita giza.
Ya sita ni kijani.
Baba akanitazama. Mimi nikatazama kuku.
"Kata," akasema. "Soma tena. Polepole."

Ule wa dukani upo, siudanganyi mtu,
umeunganisha kompyuta yangu na boksi la mtandao,
mita nne zimelala bure nyuma ya kabati,
na unafanya kazi.

Lakini usiku, akitoka kufunga geti,
Baba hupitia uani,
huugusa huu mwingine pale unapotokea ukutani,
kama mtu anayehakikisha
ndoo ya maji imefunikwa.