Misumari ya Dirishani

Dirisha letu lilipigwa misumari ya inchi sita
mwaka ule mwizi alipopanda kwa bomba la maji ya mvua
akaondoka na kompyuta mbili na koti la Bi. Nkatha.
Tangu hapo, ghorofa ya nne, Barabara ya Ronald Ngala,
tumekuwa watu saba tunaopumua kwa zamu
hewa ileile iliyoingia nasi saa mbili asubuhi.

Ikifika saa nane unaweza kuisoma kama faili:
githeri ya Gichohi iliyopashwa moto mara mbili,
marashi ya Bi. Nkatha, kikohozi cha Mutinda,
wino wa mashine ya kunakili,
na chini ya hayo yote harufu moja isiyo na mwenyewe,
kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndooni.

Tulileta ndimu zilizokatwa. Tulileta makaa kwenye kisahani.
Bi. Nkatha akanunua kopo la kupuliza, Upepo wa Mlimani.
Tukapata mlima, na uvundo juu ya mlima.

Samaki mmoja akioza, alisema Gichohi akiangalia dari,
na kila mtu akaanza kuhesabu samaki kwa jirani.
Hakuna aliyetaja jina. Pua zilitaja.
Pua zote saba, hapana, sita,
zilielekea kwenye viatu vya Osundwa,
tarishi, anayetembea kutoka Kariobangi
ili nauli iwe unga.

Sasa niseme lililo langu.
Mimi ndiye niliyenunua ile sabuni.
Kipande cha bluu, ndani ya bahasha ya kaki,
jina lake kwa herufi kubwa
ili mwandiko wangu usijulikane.
Nilijiambia ni huruma.
Aliifungua bahasha mbele yetu, akaigeuza sabuni mkononi,
akasema, "Ahsanteni," kwa wingi,
kama mtu anayepokea rambirambi.

Jumatatu alibeba kiti chake
akakiweka nje, karibu na ngazi.
Tukasema, kwa Kiswahili cha adabu,
huko atawaona wageni mapema.

Harufu ikabaki.
Ikabaki Jumanne, ikabaki mwezi mzima,
ikakaa pale kiti kilipokuwa
kama mrithi.
Hatukuizungumzia tena.

Novemba, mvua ilipozidi, mwenye jumba alituma fundi.
Akasogeza kabati la madai ya zamani,
akachokonoa zulia kwa bisibisi,
nalo likainuka kama utando wa maziwa.
Choo cha ghorofa ya tano kilikuwa kikitutembelea
kimyakimya, ndani ya ukuta, tone kwa tone,
miaka mitatu, chini ya nyayo zetu safi.
Fundi alijifunga leso puani.
"Na nyinyi mlikuwa humu?"

Kabla hajagusa bomba, aling'oa misumari. Kumi na mmoja.
Dirisha likalia, likakataa, likakubali.
Hewa ikaingia na kila kitu chake:
dizeli, mafuta ya viazi, vumbi lililonyeshewa,
sauti ya mtu anayeuza soksi, jozi tatu kwa mia.
Haikuwa safi.
Lakini ilikuwa inakwenda mahali.
Karatasi ziliruka mezani, Mutinda akazikimbiza
akicheka, na hakukohoa.

Nilitoka hadi kwenye ngazi.
Nikamwambia Osundwa habari ya zulia, habari ya bomba,
habari ya fundi na leso yake,
nikazunguka maneno kama mgeni anayetafuta choo.
Nikamwambia arudi na kiti.
La bahasha sikulisema.

Alinisikiliza mpaka mwisho,
miguu ameibana pamoja chini ya kiti,
viatu vinang'aa.
"Huku nimezoea," akasema. "Huku kuna upepo."
Kisha akasogea kidogo,
kana kwamba na mimi niliuhitaji.