Onja Kwanza

Kabla ya tochi, kabla ya bisibisi, onja.
Chovya kidole kwenye maji ya ngamani, weka ulimini:
yakiwa matamu, ni tangi la kunywa,
au mvua ya vuli imepenya dirishani.
Yakiwa ya chumvi ni bahari, na bahari haina haraka.

Katamarani ya Daktari Mwamvita ina matumbo mawili.
Aliinunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka.
Tukaipandisha Msasani kwa bamvua, maji yakapwa,
ikabaki mchangani imekanyaga kwa miguu yote miwili
kama mdai aliyekataa kuondoka mlangoni.
Siku kumi na mbili, hadi bamvua lingine.
Chande akayapa matumbo majina: la kushoto Kulwa, la kulia Doto.

Doto, maji matamu. Mpira wa tangi umechakaa,
elfu nne Kariakoo, kwisha.
Kulwa, chumvi,
na nyuma ya chumvi kitu kingine, chenye utelezi,
nilichokijua nikashindwa kukitaja.

Tukamimina ndani ndoo tatu za maji
yaliyokolezwa rangi ya ubuyu.
Nikalala chali chini ya Kulwa.
Hakuna kitu. Kaa wakapita. Chande akaenda kununua mihogo, akarudi, akala na wangu.
Kisha, karibu na mkuku, tone jekundu
likachungulia, likafikiri,
likaangukia shati langu.

Nikakwangua. Rangi ya bluu, chini yake nyeupe,
chini yake kijani,
na kijani hicho nilikichanganya mimi,
makopo mawili yasiyofanana, kwa kukosa.
Chini ya kijani, puti. Chini ya puti, sabuni:
kipande cha sabuni ya kufulia, kimeliwa hadi kuwa kama ukucha.

Miaka kumi na moja. Wiki ya Idi,
mwenye chombo anapiga simu, mfukoni sina hata ya viatu vya mtoto,
nami nasema, itashika mpaka nirudi na faibaglasi.
Ilishika.
Sikurudi.

"Fundi gani mshenzi huyu?" Chande akauliza.
Msasa ulikuwa mkononi. Nikaendelea kusugua.

Tulichimba hadi palipo pagumu,
tukaosha chumvi, tukaacha jua lifanye kazi yake siku nne,
kisha resini, kitambaa, resini, kitambaa,
kila kiraka kikubwa kuliko kilichotangulia,
nikimkataza Chande kuharakisha
kwa sauti kali kuliko alivyostahili.

"Kiasi gani?" Daktari akauliza.
Doto elfu nne, nikasema. Kulwa nilikwisha kulipwa.
Akanitazama, akafunga mkoba. Hakuuliza na nani.

Bamvua likarudi usiku, likaiinua bila kelele.
Nikashuka peke yangu ndani ya Kulwa, nikapeleka kidole ngamani.
Kikatoka kikavu.
Nikakilamba hivyo hivyo.