Mshiriki Namba Thelathini na Saba

Jina lako sikuliandika. Ndiyo masharti.
Kamati ya maadili ilizikalia karatasi zangu miezi minne,
ikarudisha, nikarekebisha, ikarudisha tena kwa ajili ya mkato mmoja,
ndipo ikaniruhusu kuja Mburahati kukuuliza
kwa nini mtu anayejua kuwa dawa inaponya
haimezi.

Ulichovya dole gumba kwenye wino wa zambarau,
ukaidhinisha, kisha ukalifuta dole
kwenye ukuta wa jirani, si wako.
Nililiona hilo. Dodoso halina kisanduku chake.

Nikaanza kama tulivyofundishwa Upanga,
sauti bapa, kichwa kisichoitikia,
maana ukitabasamu umeshamwonyesha mtu jibu:
Kwa kipimo cha moja hadi tano,
moja ikiwa sikubali kabisa, tano nakubali kabisa,
ninaamini ninao uwezo wa kumaliza dozi.

Cherehani ikasimama.
"Tano ya mchana au tano ya usiku?
Mchana naamini, mwanangu, niandikie hata sita.
Usiku kikohozi kinaamka kabla yangu,
na mwenye nyumba kalala upande wa pili wa tofali."

Vidonge ulivitia kwenye kopo la vifungo.
Mteja akiwepo hulifungui,
asije akaona vilivyomo si vya shati vyote.
"Nani atavaa gauni
lililopuliziwa na mapafu haya?"

Nikaandika. Kalamu iligoma, nikaikwaruza kiganjani,
nikaandika tena.

Dokta Nyangasa, msimamizi wangu, husema
nadharia ni chekecheke:
usishangilie kilichobaki juu tu,
inama utazame kilichodondoka.
Anasema hivyo, halafu anadai sura ya nne Ijumaa.

Usiku, Magomeni, umeme wa LUKU umekata,
kompyuta ina asilimia kumi na moja ya uhai.
Nakusikiliza masikioni, nakupaka rangi:
njano kwa unyanyapaa,
kijani kwa kujiamini,
bluu kwa msaada wa familia (bluu hukupata).
Ile ya gauni na mapafu
nimeipa njano, nikaifuta, nikaipa kijani, nikaifuta,
sasa iko nyeupe katikati ya ukurasa
kama jino.

Kisha nafika dakika ya ishirini na sita.
Nilijua inakuja.

"Na wewe mbona unaandika umeshika tumbo?"

Vidonda. Nilipewa dawa ya siku kumi na nne.
Siku ya sita maumivu yalitulia,
nikaisahau pakiti ndani ya begi
pamoja na makala thelathini kuhusu watu
wanaoacha dawa maumivu yakitulia.

"Haya, kwa hicho kipimo chako, wewe ni ngapi?"

Mwongozo unataka kila kitu kinukuliwe neno kwa neno,
mguno, kikohozi, honi ya pikipiki, jogoo.
Basi nimenukuu:
Mtafiti: (kimya, sekunde tisa).

Dokta Nyangasa kapigia mstari, kaandika pembeni
kwa penseli iliyokatika ncha:
hapa mhojiwa ni nani?

Sijamjibu. Wala kwenye sura ya tatu,
panapoelezwa vizuri namna data zilivyokusanywa,
hutasoma kwamba baada ya kuzima kinasa sauti
na kukusainisha elfu tano ya nauli
nilitoa kitambaa begini, mita tatu,
nikakwambia nishonee,
mikono mirefu, wazi mbele.
Ulinitazama sana. Ukanipima mabega
bila kusema kitu, pini mdomoni.

Jana nimepiga simu kuulizia.
Unasema bado, usinikimbize,
vifungo vyeupe vimekwisha kwenye kopo,
vimebaki vile vingine.
Navyo, ukasema,
halafu ukakohoa, nikasubiri,
navyo vinapungua.