Kitone

Kwanza kisogo, Bi Luscombe ananiambia,
na kunipa kioo cha kukuzia.
Kichwa kimebonyea nyuma, pembe mbili, bonde moja,
kama moyo aliouchora mtoto kwa haraka.
Kifua chekundu, rangi ya jembe lililolala nje.
Tumbo jeusi. Mwili mzima
haufiki punje ya mpunga.

"Kwenu mnamwitaje?"
Napekua majina kama funguo mfukoni.
Siafu? Hana msafara, hana ghadhabu ile.
Majimoto hukaa mitini, hushona majani.
Sisimizi ni wa kopo la sukari.
Nabaki na chungu,
ambalo pia ni lundo, pia ni ladha ya shubiri.
Analiandika vibaya. Namwacha.

Vichuguu vyao havitishi:
nyasi zilizokatwa fupifupi kwa meno
na kurundikwa, mfano wa makapi chini ya ungo.
Kila kimoja tunakichomekea kijibendera cha bluu.
Ng'ambo ya ua malori yananguruma kwenda Plymouth.
Bi Luscombe aliendesha basi miaka thelathini na mmoja;
anahesabu kwa kidevu, kama abiria.

Saa saba, mkate na jibini, ramani mbili.
Ya zamani ina vitone pwani ya kusini.
Ya leo ina vya Skotlandi, kule kwenye misonobari,
halafu tupu,
tupu,
hadi hapa Devon. Kimoja.
Naweka kidole gumba: Uingereza yao yote imefunikwa.

"Bournemouth walikwenda wapi?"
"Nyumba," anasema. "Watu walitaka kuona bahari."

Mwaka jana, arobaini na tatu.
Leo, jua likishapinda, thelathini na nane.
Anafuta miwani isiyo na vumbi.

Nikavuka mtaro kwenda haja ndogo,
nje ya mstari wa ramani,
na hapo nilipochutama, mbele ya goti langu,
nyasi fupifupi.
Na mmoja juu ya kiatu, ananikagua,
na ule moyo wake kisogoni.

Nilipiga ukelele kwa Kiswahili.
Alikuja akikimbia, mwanamke wa miaka sabini na miwili,
matope hadi magotini.
Bendera zilikuwa zimekwisha. Tukachomeka kijiko.

Ramani haitajua: kitone ni kilekile,
kidole changu bado kinakitosha.
Lakini kwenye fomu, kwa kalamu ya risasi,
amefuta nane, akaandika tisa,
na pembeni, kwa herufi zake za basi:
*Choongoo.*