Nukta ya Kumi na Tisa

Alikuja Jumanne, kijana mpole,
viatu vimeshiba vumbi la njia ya reli,
akatugawia karatasi na kalamu za risasi
juu ya meza za kuchambulia kahawa.
Hakuna majina, alisema. Mtakuwa namba tu.
Swali la saba: ukikwama kazini, unamwendea nani?
Taja watatu.

Apaikunda alisoma mpaka mwisho,
hata zile herufi ndogo za chini tulizoziruka sisi,
akairudisha karatasi nyeupe kama ilivyokuja.
"Mimi simo."
Akavuta debe jingine la buni.
Kijana akainamisha kichwa: "Ni haki yako, mama."

Lakini Moshi hii, kiwandani humu, nani hajui?
Nani aligundua mzani unatupunja?
Nani alimwandikia Mbonea barua ya likizo ya uzazi,
akamsomea mara mbili, taratibu, kabla hajatia sahihi?
Nikaandika jina lake. La kwanza.
Kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

Mwezi wa pili mchoro ukabandikwa ofisini:
nukta na mistari,
kama mbuni uliong'olewa, mizizi juani.
Pembeni, nukta moja haikuguswa na mstari wowote.
Ombeni aliitazama muda mrefu,
siku hiyo hakunywa chai.
Na katikati, nene, namba kumi na tisa:
mistari kumi na minne inaingia,
hakuna hata mmoja unaotoka.

Nani mwingine alikataa kujibu?
Kunyamaza kwake ndiko kulikomtaja.

Meneja Nderingo hakuuliza jina.
Jumatatu Apaikunda akahamishiwa ghala la magunia,
yeye, paka, na mlango wa bati.
Kuimarisha idara, barua ilisema.

Kijana nilikutana naye karibu na posta.
"Sikutoa jina lolote," aliniambia, macho yamelowa,
na ni kweli, hakutoa.
Kati ya ile mistari kumi na minne
mmoja ni wangu.

Nilikwenda ghalani na radhi yangu mdomoni.
Alikuwa anashona gunia, sindano ndefu, uzi wa katani.
Hakuinua uso.
"Lile swali la saba," alisema,
"lilikuuliza habari zako, au zangu?"

Sikuwa na jibu.
Nikainama, nikamshikia mdomo wa gunia.