Kopo la Rangi Nyekundu

Nimetumwa na halmashauri, kopo la rangi mkononi,
nipige X mbili tu, moja mlangoni, moja ubavuni,
nirudi Tukuyu kabla ya mvua ya saa nane.
Huku mvua haichelewi kazini kama sisi.

Zahanati ya kale. Mawe meusi ya mlima,
matofali ya watu ambao hawakuandikwa popote,
bati lenye kutu ya rangi ya chai iliyolala.
Ukuta wa mashariki umetoa tumbo
kama mjamzito wa miezi minane.
Nikaandika: HATARI.
Sikukosea.

Tupokigwe, mfagiaji tangu vitanda vikiwa na wagonjwa,
hakunipokea kwa machozi.
"Ndaga. Inama, boriti hiyo haina adabu."
Akanionyesha ufa.

Ameubandikia vipande vya kioo, huku na huku,
na kando yake, kwa penseli, tarehe:
Machi, kimekatika.
Tetemeko la usiku, kimekatika.
Agosti, kizima. Septemba, kizima.
Miaka kumi na mmoja ya mwandiko mdogo;
ukuta una kadi ya kliniki iliyojaa kuliko ya mwanangu.

"Waliuziba kwa saruji, ndipo ulipoanza kuugua.
Jiwe hili lilizoea chokaa, na chokaa hupumua.
Methali imesema ziba ufa,
haikutaja uzibe kwa kitu gani."

Mama, nikasema, ukiwaangukia watoto?

Akanitazama kama aliyeulizwa jina na mwanawe.
"Geti kafunga nani? Magogo ya mikaratusi
yaliyoegemea pale, kayanunua nani, kwa hela ya ndizi?
Nalipenda jumba hili, lakini siliamini.
Hayo ni mambo mawili."

Mvua ikashuka toka Rungwe bila kubisha hodi.
Nikafungua kopo, nikachovya brashi,
nikapiga mstari juu ya mawe ya njia,
hatua kumi kutoka kwenye tumbo lile:
MARUFUKU KUVUKA.
Herufi za mwisho zikaondoka na maji.

Kesho bosi ataniuliza X ziko wapi,
na fomu ina visanduku viwili tu,
bomoa, usibomoe.
Hakuna cha chokaa, hakuna cha magogo,
hakuna cha mwanamke mwenye penseli sikioni.

Aliniazima, hiyo penseli.
Chini ya tarehe zake zote nikaandika ya leo,
kisha: kizima.
Akasoma, akainyakua,
akaongeza kwa mkono wake:
mpaka saa tisa na nusu.