Penseli ya Aikande

Kiborloni, Jumamosi, nilikwenda kutafuta zipu.
Zipu nyeusi za inchi saba, dazeni moja,
na labda kipande cha khanga cha kufungia mgongo,
maana fundi cherehani huliwa na kiti chake
kama boriti inavyoliwa na mchwa: kimyakimya, kutoka ndani.

Miezi minne sijapata usingizi wa kueleweka.
Saa nane usiku nawajua mbwa wote wa Pasua kwa sauti.
Dada yangu alisema, omba. Niliomba.
Jirani akasema, kunywa maziwa ya moto. Nilikunywa.
Mume wangu hakusema kitu, aligeukia ukutani
akakoroma kama mashine ya kukoboa.

Eliringia anauza vitabu juu ya turubai
katikati ya marobota ya soksi na sidiria.
Anavipanga kwa unene, si kwa maana.
"Mama, kinene elfu tatu, chembamba elfu moja."
Nikainama (mgongo ukalia),
nikaokota chembamba, hakina jalada,
ukurasa wa kwanza una duara la kikombe cha chai
na jina kwa penseli: Aikande, Njoro.
Kilihusu mwili na mawazo,
jinsi ya kuvipatanisha kama wake wenza.

Nilikisoma usiku huo jikoni, kwa tochi ya simu.
Mwandishi, sijui alikaa nchi gani, alishauri:
Nenda ufukweni, usikilize mawimbi.
Pambizoni, penseli: Ufukwe gani? Nimekwenda Karanga. Mto nao unasema.
Kula samaki wa bahari ya baridi mara mbili kwa wiki.
Penseli: Dagaa.
Lala chali sakafuni, vuta pumzi kwa hesabu ya nne,
itoe kwa hesabu ya sita.
Penseli: Siku ya tatu nililia. Usiogope. Endelea.

Nikalala chali juu ya mkeka, kati ya jiko na ndoo,
nikahesabu kama ninavyohesabu vifungo.
Moja, mbili, tatu, nne.
Siku ya tatu sikulia.
Nililia ya tano, kwa ajili ya mtoto
ambaye sijamtaja humu na sitamtaja,
na asubuhi ile nikachelewa kuinjika chai.

Ukurasa wa arobaini: Ongea na mtaalamu.
Hapo penseli ilikandamiza hadi karatasi ikatoboka:
Nilidhani ni pa wendawazimu. Si kweli.
Mawenzi, mlango wa kijani. Beba maji, foleni ni ndefu.
Nikabeba maji. Foleni ilikuwa ndefu.
Daktari, kijana mwenye kola iliyoshonwa vibaya,
aliniuliza swali moja, kisha akanyamaza,
na ule ukimya ulinipima
kwa upole kuliko futi yangu inavyopima watu.

Sisemi nimepona. Mgongo bado ni mgongo.
Ila sasa kila nikimaliza nguo mbili nasimama,
natembea hadi kwa muuza mkaa na kurudi,
na wateja wanadhani nakimbia madeni.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili una maneno mawili:
Leo nimelala.
Kuanzia hapo pambizo zote ni nyeupe.

Nilirudi Kiborloni kumuuliza Eliringia
kitabu kilitoka wapi. "Kwenye boksi," akasema,
"na boksi lilitoka kwenye nyumba."
Nyumba gani? Akapandisha mabega;
mteja wa soksi alikuwa anasubiri.

Basi sijui kama Aikande alikiuza kwa kuwa hakukihitaji tena
au kiliuzwa na waliobaki.
Nimelipindua neno lile, nimelala, usiku baada ya usiku.
Lina pande mbili, kama kitambaa.
Nimeamua upande wa kuvaa nje.

Nikajaribu kwa chaki yangu ya kukatia, ikafutika.
Nikaazima penseli ya binti yangu wa darasa la nne,
nikaandika chini yake, kwa mwandiko mdogo:
Mimi bado. Lakini nimefika ukurasa huu.